Elimu ya Wagiriki: Jinsi Ilivyoenea kwa Upanga na Jinsi Ilivyotufikia

   Walimu wa vikundi, tafadhali hakikisheni kwamba kila mtu anaisikia redio vizuri, na chaki iwe karibu na ubao. Leo tutaandika herufi chache tu, lakini zina habari ndefu.

Siku chache zilizopita nilitembelea darasa moja la jioni katika wilaya yetu. Somo lilipokwisha, mzee mmoja alinyosha mkono akasema: "Mwanangu, nashukuru kwa kazi yako. Lakini nina neno. Herufi hizi unazotufundisha si zetu. Zilifika huku pamoja na watu wenye bunduki. Babu yangu hakuzijua, na alihesabu ng'ombe wake wote bila kukosea. Je, sisi tukizishika, si ni kukubali kwamba waliotushinda ndio waliokuwa na akili, na babu zetu hawakuwa nazo?"

Darasa zima lilinyamaza. Nilimwambia mzee kwamba swali lake ni kubwa, nami sipendi kulijibu kwa haraka. Nikaomba nilijibu redioni, ili wengine wasikie. Basi, somo la leo ndilo jibu langu. Nitaeleza habari za taifa moja la kale ambalo elimu yake ilienezwa kwa vita kuliko elimu ya watu wengi, nalo ni taifa la Wagiriki. Katika vitabu vya zamani huitwa pia Wayunani.

Wagiriki walikuwa watu gani?

Ugiriki ni nchi ya Ulaya, kando ya bahari. Ni nchi ya milima ya mawe, mbuzi na mizabibu. Mtu wa Chamwino akipelekwa huko leo, mawe yale na mizabibu ile haitamshangaza sana. Atakachoshangaa ni bahari iliyo karibu kila upande. Zamani hawakuwa na mfalme mmoja. Kila mji ulijitawala, na mji mmoja ulipigana na mwingine mara kwa mara. Mji wa Athene ndio uliopata sifa kubwa kwa elimu. Huko walifundisha watu kama Plato na mwanafunzi wake Aristotle. Walijadiliana juu ya haki, utawala, hesabu, nyota, wanyama na mwili wa binadamu.

Lakini Wagiriki hawakuanza bila kitu. Walisafiri Misri, wakajifunza mengi huko. Na herufi zao walizipata kwa Wafoinike, wafanyabiashara wa baharini waliokaa katika miji ya Tiro na Sidoni, katika nchi inayoitwa leo Lebanoni.

Mwalimu wa kikundi, andika ubaoni herufi kubwa A. Sasa iandike tena kando yake, lakini juu chini. Wazee wangu, mnaona nini? Vile vijiti viwili vinavyoelekea juu ni pembe. Hicho ni kichwa cha ng'ombe. Wafoinike waliiita herufi hiyo "alefu", na maana yake ni ng'ombe. Herufi ya pili waliiita "beti", maana yake nyumba. Nao hawakuzibuni peke yao, kwa maana asili yake ni picha zilizotumika katika maandishi ya Misri. Basi herufi ya kwanza unayojifunza katika darasa la kisomo ni ng'ombe, na ya pili ni nyumba. Mgogo gani hajui mambo hayo mawili?

Wagiriki waliongeza jambo moja lenye faida kubwa. Wafoinike waliandika herufi kama B, K na T, wakaacha msomaji aongeze mwenyewe sauti za a, e, i, o na u. Andika ubaoni KT. Ni neno gani hilo? Laweza kuwa "kata", laweza kuwa "keti", au "kiti", au "kuta". Wagiriki walichukua baadhi ya herufi za Wafoinike wakazipa kazi ya sauti hizo. Tangu hapo hata mgeni aliweza kusoma neno bila kubahatisha.

Alexander na vita vyake

Sasa tuje kwenye upanga. Nitataja miaka ya kabla ya Kristo, ambayo tunaiandika K.K. Miaka hiyo huhesabiwa kama mtu anayeshuka ngazi: mwaka wa 356 unatangulia, mwaka wa 323 unafuata.

Kaskazini ya Ugiriki ilikuwako nchi ya Makedonia. Mfalme wake, Philip, aliishinda miji mingi ya Kigiriki. Mwanawe Alexander alizaliwa mwaka 356 K.K. Alipokuwa kijana, baba yake alimwita Aristotle aje kumfundisha. Philip aliuawa mwaka 336 K.K., na Alexander akatawala akiwa na umri wa miaka 20.

Mwaka 334 K.K. alivuka kuingia Asia na jeshi lake, kupigana na mfalme wa Uajemi. Alipita Shamu, akaingia Misri, akarudi Babeli, akaenda Uajemi, akafika mpaka wa Bara Hindi mwaka 326 K.K. Alikufa Babeli mwaka 323 K.K., kabla hajatimiza miaka 33. Katika miaka kumi na kidogo alikuwa ametawala nchi kutoka Ugiriki hadi mto Indus.

Vitabu vingi humwita Alexander Mkuu. Lakini yafaa tuhesabu pia bei ya ukuu huo. Mji wa Thebes ulikuwa mji wa Kigiriki. Ulipoasi mwaka 335 K.K. aliubomoa, na watu waliobaki wakauzwa utumwani. Mji wa Tiro uliokataa kumfungulia aliuzingira kwa miezi saba. Ulipoanguka mwaka 332 K.K. maelfu waliuawa na maelfu wengine wakauzwa. Kumbukeni Tiro ni mji wa nani. Ni mji wa wale wale waliowapa Wagiriki herufi. Mwanafunzi wa Aristotle, aliyesoma kwa herufi za Wafoinike, aliwauza Wafoinike sokoni.

Kwa hiyo nasema wazi: elimu haikumfanya mshindi kuwa mwema. Na kushinda kwake si ushahidi kwamba walioshindwa hawakuwa na akili.

Kwa nini watu walijifunza Kigiriki?

Alexander alipokufa, majemadari wake waligombea nchi zile, kisha wakagawana. Ptolemy alichukua Misri, na Seleucus alichukua sehemu kubwa ya Asia. Askari wao walipewa mashamba, wakakaa. Miji mipya ilijengwa, yenye masoko, mahakama, viwanja vya michezo na shule. Kigiriki kikawa lugha ya ofisi.

Mkulima wa Misri aliendelea kusema Kimisri nyumbani kwake. Lakini karani wa kodi aliandika Kigiriki. Mtu asiyejua kusoma hakuweza kujua kama risiti aliyopewa ni ya kiasi alicholipa au pungufu. Alipokwenda kwa hakimu ilimlazimu kumtafuta mtu wa kumwandikia, naye alitaka malipo. Ndiyo maana watu wengi walijifunza. Wachache walivutiwa na hekima za Plato. Wengi walitaka kuilinda mali yao, kufanya biashara, au kupata kazi. Nadhani jambo hili linaeleweka hapa kwetu, kwa maana baadhi yenu mliniambia kwamba mlikuja darasani baada ya kutia dole gumba kwenye karatasi msiyoijua.

Polepole Kigiriki kikawa lugha ya watu wengi ambao si Wagiriki. Wayahudi wa Misri walitafsiri vitabu vyao vitakatifu kwa Kigiriki. Baadaye Agano Jipya liliandikwa kwa Kigiriki, ingawa Yesu na wanafunzi wake hawakuwa Wagiriki.

Mji wa Aleksandria

Mji mkubwa kuliko yote ya elimu hiyo haukuwa Ulaya. Ulikuwa Afrika. Ni Aleksandria, bandari ya Misri, ulioanzishwa na Alexander mwaka 331 K.K. Wafalme walioitwa Ptolemy walijenga huko nyumba ya wataalamu na maktaba kubwa. Huko ndiko Eratosthenes alikopima ukubwa wa dunia, katika karne ya tatu K.K.

Alipimaje? Alisikia kwamba kusini mwa Misri, katika mji unaoitwa leo Aswan, kuna siku moja kila mwaka ambapo saa sita mchana jua husimama juu ya utosi hata likamulika chini kisimani. Siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, Aleksandria palikuwa na kivuli. Alipima kivuli hicho, akaona kwamba jua limeinama kwa sehemu moja katika hamsini za duara. Basi akasema: umbali kutoka Aswan hadi Aleksandria ukizidishwa mara 50 utakuwa mzunguko wa dunia nzima. Sisi leo tunajua kwamba mzunguko huo ni kilomita 40,000 hivi, na njia yake ilikuwa sahihi. Alichohitaji ni kisima, kivuli, na umbali uliopimwa na watu wa Misri.

Lakini Misri walipoteza kitu pia. Walikuwa na maandishi yao ya kale, maandishi ya picha, yaliyodumu kwa miaka zaidi ya 3,000. Ofisi zilipotaka Kigiriki, maandishi yale yalibaki kwa makuhani hekaluni. Mahekalu yalipofungwa, hapakuwa na mtu wa kuyafundisha. Maandishi ya mwisho ya picha yenye tarehe ni ya mwaka 394 baada ya Kristo. Kisha kwa miaka zaidi ya elfu moja na mia nne yalionekana ukutani wala hapakuwa na mtu wa kuyasoma. Mwaka 1799 lilipatikana jiwe karibu na mji wa Rashid. Lilikuwa na tangazo moja lililoandikwa kwa maandishi ya picha, kwa maandishi ya kawaida ya Kimisri, na kwa Kigiriki. Kwa kutumia jiwe hilo, Mfaransa aitwaye Champollion alifumbua maandishi yale mwaka 1822.

Na lugha yenyewe ya Kimisri? Hiyo iliokolewa kwa njia nyingine. Wamisri walichukua herufi za Kigiriki, wakaongeza herufi chache za kwao kwa sauti ambazo Wagiriki hawakuwa nazo, wakaandika Kimisri chao. Maandishi hayo huitwa Kikopti, na Kanisa la Kikopti la Misri linayasoma hata leo katika ibada. Tazameni tofauti. Maandishi yaliyonyimwa kazi yalikufa. Lugha iliyopewa herufi na kazi iliishi.

Njia ya kuja kwetu

Sasa twende kusini. Alexander hakufika Uhabeshi, wala hakufika pwani yetu. Hata hivyo elimu ya Kigiriki ilifika. Ilikuja na merikebu.

Katika karne ya kwanza baada ya Kristo mfanyabiashara mmoja kutoka Misri aliandika kwa Kigiriki kitabu cha kuwaongoza mabaharia. Humo amemtaja Zoskales, mtawala wa pwani iliyo karibu na Aksum. Anasema mtu huyo alikuwa mgumu wa mali, lakini alijua kusoma na kuandika Kigiriki. Hakuna jeshi la Kigiriki lililomlazimisha. Alikitaka kwa ajili ya biashara. Katika karne ya nne Mfalme Ezana wa Aksum aliandika ushindi wake juu ya jiwe kwa Kigiriki na kwa Kigeezi, lugha ya nchi yake. Fedha za kwanza za Aksum zilikuwa na maandishi ya Kigiriki, na baadaye zikawa na Kigeezi. Walikitumia Kigiriki kwa haja zao, kisha wakakuza lugha yao.

Kitabu kile cha mabaharia kinashuka zaidi hadi pwani yetu ya Afrika Mashariki, ambayo Wagiriki waliiita Azania. Bandari ya mwisho waliiita Rhapta, kwa sababu ya mashua za huko zilizoshonwa kwa kamba. Walinunua pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya kasa. Katika karne ya pili mtaalamu mwingine wa Aleksandria, aitwaye Ptolemy kama wale wafalme, aliitaja Rhapta katika kitabu chake cha jiografia. Hivyo pwani yetu iliingia katika vitabu vyao.

Baadaye, katika karne ya saba, Waarabu waliishinda Shamu na Misri. Safari hii mshindi ndiye aliyekaa chini akasoma. Huko Baghdad, wakati wa Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala kutoka mwaka 813 hadi 833, na baada yake, vitabu vya Kigiriki vya uganga, hesabu na nyota vilitafsiriwa kwa Kiarabu. Mtafsiri mashuhuri alikuwa Hunayn ibn Ishaq, Mkristo aliyefanya kazi pamoja na Waislamu. Kwa Kiarabu maneno mengi ya Kigiriki yakasafiri hadi lugha nyingine.

Mwanafunzi, inua kitu ulichoshika mkononi. Kinaitwa kalamu. Neno hilo Waarabu walilipata kwa Wagiriki. Unaandika juu ya karatasi, na neno hilo pia limetoka kwa Wagiriki. Kanuni, falsafa na almasi, yote yamepita njia hiyo. Leo tunasema almasi ya Mwadui, na hakuna anayeona kwamba tunasema Kigiriki. Maneno yale ni ya Kiswahili sasa, kwa sababu tumeyapa kazi.

Mfano wa hapa Ugogo

Jambo kama hilo lilitokea hapa hapa. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu ilipita Ugogo kati ya pwani na Tabora. Watemi wa Kigogo waliitoza hongo kwa ajili ya njia na maji. Kiswahili kilifika pamoja na misafara hiyo. Kisha wakaja Wajerumani kwa vita. Mwaka 1889 walijenga ngome yao Mpwapwa. Walikiona Kiswahili kuwa lugha yenye kufaa kwa utawala, wakaifungua shule ya Tanga, wakakitumia kwa maakida na makarani. Reli ikafika Dodoma mwaka 1910. Na bei ya upanga? Wazee wa hapa walisimuliwa na wazazi wao habari za njaa ya Mtunya, baada ya majeshi ya vita vikuu vya kwanza kuchukua nafaka, ng'ombe na wapagazi wa nchi hii. Hatusahau hayo.

Lakini Kiswahili hicho hicho cha kodi na amri, mwaka 1954 kilikuwa lugha ya TANU katika mikutano, na Mgogo, Msukuma na Mmakonde walisikilizana bila mkalimani. Mwaka 1961 tulipata Uhuru. Wajerumani waliieneza lugha hiyo ili waamuru. Sisi tuliichukua tukajitawala kwayo.

Jibu langu kwa mzee

Mzee wangu, kama unanisikia, jibu langu ni hili. Ulisema kweli kwamba herufi zilifika huku pamoja na bunduki. Lakini wenye bunduki hawakuzibuni. Wao walizipata kwa Warumi, asili yake ni kwa Wagiriki, Wagiriki walizipata kwa Wafoinike, na Wafoinike walizitoa katika picha za Misri, yaani Afrika. Hata herufi za Kiarabu, ambazo zamani Kiswahili kiliandikwa kwazo, ni za ukoo huo huo. Alifu ni yule yule ng'ombe. Herufi ni kama kisima cha njiani. Kila msafara umekunywa, na hakuna msafara uliokiumba. Ukiteka maji hapo, humkubali aliyepita jana na bunduki.

Na babu yako aliyehesabu ng'ombe wake bila kukosea alikuwa na elimu. Hatari iko mahali pengine. Hatari ni sisi kujua kusoma tangazo la ofisi, tukaacha elimu ya babu yako ipotee kama maandishi ya Misri. Alijua jinsi ya kumtofautisha kila ng'ombe kwa rangi na pembe, miti ya dawa, na dalili za mvua. Hayo hayajaandikwa yote. Kalamu iko mkononi mwako sasa. Usipoyaandika wewe, nani atayaandika?

Kazi ya juma hili

Kwanza, andika risiti ya debe moja la mtama uliouza: jina la mnunuzi, kiasi, bei na tarehe. Isome kwa sauti mbele ya darasa.

Pili, andika majina matano ya Kigogo ya miti, au ya rangi za ng'ombe, na chini ya kila jina eleza maana yake kwa Kiswahili. Kama hulijui jina, muulize aliyekuzidi umri.

Maswali ya kujadiliana: Kwa nini wakulima wa Misri walijifunza Kigiriki? Kwa nini maandishi ya picha yalikufa, na Kikopti kikaishi? Ni kitu gani cha kwetu tunachoweza kukipoteza kwa kutokiandika?

Walimu wa vikundi, kusanyeni majina hayo matano ya kila mwanafunzi mnitumie. Nitayasoma redioni katika somo lijalo. Hadi hapo, kwa herini.